Kabla Hujalipia Mbao za Kupaulia

Mwaka niliopaua nyumba yangu nilizunguka yadi tatu za mbao nikitafuta nafuu. Ya tatu ilikuwa chini kwa asilimia 10 kwa kila mbao. Nikalipa, gari likapakia. Jioni fundi alivuta futi kamba, akapima mara mbili, akaniita. Mbili kwa nne niliyonunua ilikuwa inchi moja na robo tatu kwa inchi tatu na robo tatu. Urefu niliolipia ni futi 12; zilizoletwa zilikuwa futi 11.

Tangu siku hiyo silinganishi tena bei ya kipande. Nazidisha unene na upana kwa inchi, nazidisha na urefu kwa futi, kisha nagawa kwa 12. Mbili kwa nne kamili ya futi 12 inatoa 8. Yangu ilitoa 6. Robo ya mti niliolipia haikufika kiwanjani, na ile nafuu ya asilimia 10 iligeuka kuwa bei ya juu kwa karibu asilimia 20 kuliko ya yadi yenye mbao kamili. Hasara nyingine iko kwenye nguvu. Mbao inaposimamishwa kwenye kenchi, upana wake ndio unaobeba mzigo, kwa hiyo hiyo robo inchi iliyokatwa juu na pembeni inaondoa zaidi ya asilimia 20 ya uwezo wa kubeba. Muuzaji atakwambia siku hizi mbao zote zinapasuliwa hivyo. Basi alipwe kwa kipimo hicho.

Mbao nyingi tunazopaulia Dar es Salaam na Pwani ni za misindano kutoka Nyanda za Juu Kusini: Mafinga, Makambako, Njombe. Kutoka Mafinga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo kila dizeli inapopanda kwenye tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi, mbao nazo hupanda. Wanunuzi pia wameongezeka. Kenya iliposimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma Februari 2018, wafanyabiashara wake waligeukia zaidi mbao za kwetu. Soko likiwa na njaa namna hiyo, wapo wakulima wanaoangusha mti kabla haujafika miaka 10, wakati shamba linalosimamiwa vizuri husubiri 18 au zaidi. Mti mchanga hutoa mbao laini, inayopinda ikikauka na kupendwa sana na mchwa.

Hapo ndipo swali la dawa linapoingia. Yadini utakuta aina tatu: mbao nyeupe, mbao ya dawa, na mbao iliyopakwa rangi ya kijani ili ifanane na ya dawa. Dawa ya kweli, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, husukumwa ndani ya mbao kwa mgandamizo kwenye tangi la chuma. Ya uongo huchovywa tu. Mwambie muuzaji akate mbao moja katikati, maana ncha hunywa dawa kuliko sehemu nyingine na hazikuambii ukweli. Kijani kikiwa kimezama kutoka pande zote, lipia. Moyo wa mti unaweza kubaki mweupe, hilo ni kawaida. Kijani kikiwa ngozi tu, hiyo ni mbao nyeupe, ilipie bei ya nyeupe. Wengine hununua nyeupe na kuipaka oili chafu. Ni rahisi, lakini haizami, na umeweka mafuta yanayowaka juu ya vyumba vya kulala. Mimi nasema kama fedha haitoshi, subiri mwezi upate ya dawa. Kubadilisha kenchi iliyoliwa kunamaanisha kung'oa mabati, na bati lililokwisha tobolewa misumari halirudi juu likiwa zima.

Na tafadhali, vipande vya mbao za dawa visiende jikoni. Nimeona mama ntilie wakivikusanya kwenye maeneo ya ujenzi. Moshi na majivu yake yana aseniki, ambayo ni sumu. Vifukie mbali na kisima.

Kenchi za chuma chepesi hazina mchwa, lakini zinahitaji fundi aliyezisomea. Nje ya miji mikubwa si rahisi kumpata.

Fedha kubwa zaidi, hata hivyo, huamuliwa kabla hujafika yadini. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, mabati yakitokeza sentimita 60 kila upande. Paa la nyuzi 15 litakula mita za mraba 153. La nyuzi 30, 171. La nyuzi 45, lile refu linaloonekana toka barabarani, 209. Mteremko ukiwa mmoja, mgongo wa tembo na paa la pande nne hula eneo lile lile, ila la pande nne hupoteza bati kwenye kona zinazokatwa mshazari. Mgongo wa tembo nao hudai pembetatu mbili za ukuta: kama tofali 120 kwa nyuzi 15, na 250 hivi kwa nyuzi 30. Paa la kuficha linalopendwa sasa hubana mabati hadi mita za mraba 121. Lakini ukuta wa kulificha, mita moja kwenda juu kuzunguka nyumba nzima, unakula tofali zaidi ya 370, na plasta pande zote mbili. Masika ikifika, maji yote yanategemea mfereji mmoja ambao majani yakiuziba yanarudi ndani.

Mdogo wangu anajenga Chanika. Ramani yake, nyumba ya ukubwa huo huo, ilikuja na nyuzi 45. Tulikaa na fundi kwenye msingi tukaishusha hadi 25, zikapungua mita za mraba 46 za bati pamoja na papi zake. Kiasi kilichobaki ndicho kilichotuwezesha kuchukua mbao za dawa kwa nyumba nzima. Yadini tulikwenda na futi kamba yetu.