Mumiani: Safari ya Neno kutoka Kaburini

Wamisri wa kale waliitengeneza maiti isioze kwa kazi iliyochukua siku 70. Ubongo ulitolewa puani kwa kulabu na matumbo kupitia ubavuni. Moyo aghalabu uliachwa mahali pake. Kisha mwili ulifukiwa ndani ya magadi, jamii moja na haya ya ziwa Magadi, ukakauka, ukapakwa utomvu wa miti na kuviringwa vitambaa vya kitani.

Utomvu huo ulipozeeka uligeuka mweusi, hata watu wa baadaye wakaudhania kuwa ni lami. Nayo lami itumiwayo kwa tiba Waarabu waliiita mumiya, kutokana na neno la Kiajemi, mum, yaani nta. Hivyo jina la dawa likahamia kwa maiti. Huko Ulaya kosa hilo lilizaa biashara: hadi karne ya 18 wauza dawa walisaga maiti za Misri na wagonjwa wakazinywa.

Pwani ya Afrika Mashariki neno lilitua kama mumiani. Kamusi ya Johnson ya 1939 inakitaja kitu cheusi mfano wa gundi, kitibucho mifupa iliyovunjika. Papo hapo inataja imani ya wengi kwamba ni damu ya watu waliouawa. Imani hiyo haikuwa mchezo: enzi za ukoloni hata wazimamoto walishukiwa na kuogopwa mijini. Wenye kuicheka wasisahau kwamba walioila miili ya wafu kama dawa walikuwa Wazungu.