"Hajalipa" Si Sifuri

Oraba, wilayani Koboko, ndiko inakoishia barabara ya kutoka Vurra na Arua. Ng'ambo ya mpaka ni Kaya, Sudan Kusini. Sokoni hapo shilingi ya Uganda na pauni ya Sudan Kusini hupita mkono kwa mkono. Tuseme duka moja la jumla linatunza madeni kwa programu ya zamani iliyoandikwa kwa PHP 5. Siku ya soko, karani ana haraka. Penye kiasi anaandika "500 SSP", yaani pauni. Mstari wa chini, 1000, ambazo ni shilingi.

PHP 5 itachukua 500, itatupa herufi, itajumlisha: 1500. Za nchi gani? Haiulizi.

Upole huo una asili yake. Rasmus Lerdorf alipoitoa PHP mwaka 1995 aliilenga tovuti, na fomu za tovuti huleta kila kitu kama maandishi, hata namba. Ilibidi lugha ikisie. Lakini penye fedha za watu, kukisia ni hatari, na ndiyo maana nauunga mkono ukali ulioongezwa hatua kwa hatua. Toleo la 7.1 lilianza kunung'unikia "500 SSP". Toleo la 8.0, la Novemba 2020, linatoa onyo kamili, na ukijumlisha neno tupu kama "hajalipa" na 1000, programu inasimama palepale.

Wengi wakiona hivyo huzima taarifa za makosa ili skrini itulie. Naomba wasifanye hivyo. Afadhali kunakili programu pamoja na data, kuiendesha nakala kwenye 7.4 huku kila onyo likiandikwa kwenye faili, kisha kurekebisha mstari kwa mstari kabla ya kuhamia 8.

Hata hivyo, badiliko moja halitoi sauti kabisa. Programu inauliza: je, deni ni sawa na sifuri? Karani aliandika "hajalipa". Hadi 7.4, neno hilo liligeuzwa kuwa 0, jibu likawa ndiyo, na mdaiwa akahesabiwa amemaliza. PHP 8 hulinganisha maandishi kwa maandishi, na jibu ni hapana. Hakuna onyo kabla wala baada. Kila ulinganisho wa namna hiyo lazima utafutwe kwa macho. Usipotafutwa, asubuhi moja jina litarudi kwenye orodha, na duka litamdai mteja ambaye miaka yote liliambiwa hana deni.