Kiingilio ni kidogo, safari ndiyo ghali: je, inafaa kwenda kuona vivutio vyenye majina?

Mahindi yakishauzwa, baadhi ya familia na shule hapa Ufipa hukaa na kuulizana: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Ngorongoro inatajwa, Zanzibar inatajwa. Halafu swali jingine linafuata: tutumie fedha yote hiyo tukabanane na watu, tupige picha mbili, turudi?

Ni swali la haki. Fedha hiyo ingeweza kununua mbolea ya msimu ujao. Tulichambue.

Ghali kwa nani?

Tuanze na Ngorongoro, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Katika miaka ya karibuni, Mtanzania mtu mzima amekuwa akilipa kiingilio cha Sh 10,000 kabla ya kodi. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki amekuwa akilipa dola 60 za Marekani kabla ya kodi, na gari lake likishuka kreta linatozwa ada nyingine kubwa. Kwa hiyo ukimsikia mtalii analalamika kwamba bei inauma, si bei yako.

Gharama yako ni njia. Kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Weka nauli ya basi kwenda na kurudi, gesti za njiani, chakula, na gari la kukodi, kwa kuwa kreta haizungukwi kwa miguu. Hapo ndipo mfuko unatoboka.

Msongamano unatoka wapi?

Sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, na magari yote yanashuka humo humo. Simba mmoja akionekana, dereva anamwambia mwenzake, na muda si mrefu magari yamepangana kama stendi. Hata Ulaya wanahangaika na hali hii. Mji wa Venice, Italia, mwaka 2024 ulianza kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku zenye watu wengi.

Kitu kingine ni kujua mapema utakachokiona. Karibu na kreta kuna Olduvai, ambako Mary Leakey alipata fuvu la kale mwaka 1959. Fuvu lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, zilifukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo katika jumba la makumbusho la Olduvai utaona nakala. Hilo si kosa, ni uhifadhi. Lakini asiyeelezwa atarudi akisema amedanganywa.

Na hapa kwetu?

Wilaya ya Kalambo ina maporomoko ya maji yanayoanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Maporomoko ya Victoria, yanayojulikana dunia nzima, yana mita 108 hivi. Upande wa Tanzania unafika kupitia Matai hadi kijiji cha Kapozwa, na eneo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huko hutapanga foleni ya magari.

Historia yake nayo si ndogo. Upande wa Zambia, juu ya maporomoko, mtaalamu John Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti wengine walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa yenye umri wa angalau miaka 476,000. Udongo uliojaa maji ndio uliozuia yasioze. Ni umri mkubwa kuliko binadamu wa aina yetu.

Kisha kuna matanuri ya chuma ya Wafipa, malungu. Yalijengwa kwa udongo, mengine yakifikia urefu wa mita 3 hivi. Hayakuhitaji mivukuto: matundu ya chini yalivuta upepo yenyewe, mkaa ukawaka, chuma kikapatikana. Kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kisha wahunzi wakafua majembe. Chuma cha viwandani kutoka Ulaya ndicho kilichoiua kazi hiyo katika karne iliyopita.

Malungu mengi hayana mlinzi wala kiingilio. Hapo ndipo tunaona faida ya kiingilio: sehemu inayolipiwa huwa na mtu wa kuilinda. Isiyolipiwa na isiyotembelewa, mvua na jembe vinaimaliza taratibu. Mtoto asiyewahi kuonyeshwa tanuri atalibomoa akidhani ni kichuguu.

Uamue vipi?

Kwanza, piga hesabu ya safari nzima, usitazame kiingilio peke yake. Ulizia bei ya sasa kwenye ofisi inayosimamia eneo kabla ya kuchanga fedha.

Pili, angalia msimu. Kalambo ina maji mengi mvua zinapomalizika, kuanzia Aprili. Ukienda Juni au Julai baada ya mavuno, maji bado yapo. Ukisubiri hadi Oktoba yatakuwa yamepungua sana. Watoto washikwe mikono. Ukingo ni mrefu na unateleza.

Tatu, tafuta mtu wa kuwaeleza. Tanuri bila maelezo ni udongo tu. Mzee wa kijiji anayekumbuka habari za wahunzi anaweza kuwafaa watoto kuliko safari ya siku mbili ndani ya basi.

Je, Ngorongoro inafaa? Inafaa, kwa aliyejipanga na anayejua anachokwenda kuona. Lakini kwa gharama ya familia moja kufika huko, darasa zima la Sumbawanga linaweza kukodi gari na kufika Kalambo. Anzeni na cha karibu. Cha mbali kina wageni wa kutosha kukitunza. Malungu yana sisi tu.