Sataranji: Mashini iliyonyimwa kitabu, je, imeshindwa kwa haki?

Mwezi Desemba 2017, kampuni DeepMind ya jijini London ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imeishinda Stockfish, mojawapo ya programu zenye nguvu zaidi duniani katika mchezo wa sataranji. Katika michezo 100, AlphaZero ilishinda 28 na mingine 72 ikaisha sare. Haikupoteza hata mmoja.

Lakini wajuzi wa mchezo huo walipinga mara moja: Stockfish ilicheza bila kitabu chake.

Kitabu hicho si cha karatasi. Ni hifadhi ya hatua za mwanzo wa mchezo, zilizokusanywa kutoka michezo ya mabingwa na ya mashini zenyewe. Mashini yenye kitabu hucheza hatua za kwanza kwa kukumbuka, bila kupiga hesabu, na hivyo huokoa muda.

Uzito wake ulionekana tarehe 11 Mei 1997 jijini New York. Katika hatua ya nane, kompyuta Deep Blue ya IBM ilimtoa kafara farasi wake mbele ya bingwa wa dunia Garry Kasparov. Hatua hiyo ilikuwa ndani ya kitabu chake. Kasparov alikubali kushindwa baada ya hatua 19 tu.

Hapo ndipo penye ugumu kwa wapimaji. Mashini zikiwa na vitabu, huenda anayeshinda ni mtengenezaji wa kitabu, si programu. Zikikosa vitabu, zinaweza kurudia mwanzo uleule, na sare zikazidi.

Mashindano ya programu yanayoitwa TCEC yanafuata njia nyingine. Waandalizi wenyewe huchagua hatua za mwanzo, kisha kila mwanzo huchezwa mara mbili, programu zikibadilishana weupe na weusi. Mwanzo ukiwa mgumu kwa weusi, kila upande unaubeba mzigo huo mara moja.

Desemba 2018, DeepMind ilirudi na matokeo mapya katika jarida Science. Katika michezo 1,000, AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, iliyobaki ikawa sare. Ilipimwa pia kwa mianzo iliyopangwa, na hata dhidi ya Stockfish yenye kitabu imara. Ilishinda tena.

Ni jaribio hilo la pili, wala si lile la kwanza, lililojibu swali la kitabu.