Ukiachishwa kazi Jinja au Mbale: nani wa kumlipa, nani si wa kumlipa

Mfanyakazi wa kiwandani Jinja anayepokea shilingi 400,000 kwa mwezi, aliyetumikia miaka sita kisha akaambiwa asubuhi moja asirudi tena, anadai pesa nyingi kuliko anavyodhani. Tuzihesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa notisi ya miezi miwili kwa sababu amepita miaka mitano. Angekuwa na miaka kumi ingekuwa miezi mitatu, na kati ya mwaka mmoja na mitano ingekuwa mwezi mmoja. Hizo ni 800,000. Kama hakuitwa kujieleza, akiwa na mtu wa kumsindikiza, anaongezewa mshahara wa wiki nne baada ya makato, yaani laki tatu na kitu. Kiwango cha kiinua mgongo sheria imekiachia mwajiri na mfanyakazi wapatane, lakini pasipo na mapatano Mahakama ya Viwanda imeshikilia mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi: 2,400,000. Jumla ni kama milioni tatu na nusu, na hapo fidia ya kuachishwa isivyo haki bado haijaguswa.

Watu wengi wakishaona hesabu hiyo hukimbilia kwa wakili. Kwa dai la ukubwa huu nasema: ngoja kwanza. Hata ukimlipa wakili leo, faili lako litaanzia kwa afisa wa kazi, kwa sababu Mahakama ya Viwanda haipokei kesi moja kwa moja kutoka kwa mfanyakazi. Hupokea ile iliyopelekwa na afisa wa kazi, au rufaa dhidi ya uamuzi wake. Na kwa afisa wa kazi hulipi ada ya kufungua malalamiko, wala hulazimiki kuwa na wakili.

Unachotakiwa kulinda ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yafike ndani ya miezi mitatu tangu siku ulipoachishwa. Afisa anaweza kumkubali aliyechelewa kwa sababu ya maana, lakini usiiweke kesi yako juu ya huruma. Mwajiri anayekuambia kila Ijumaa "tutakuita, subiri kidogo" anakula miezi hiyo, akijua au bila kujua. Peleka malalamiko huku mkiendelea kuzungumza. Na kama siku 90 zimepita tangu uyapeleke bila afisa kutoa uamuzi, sheria inakuruhusu kulipeleka dai mahakamani.

Mlango wenyewe nao unachanganya watu. Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji Julai 2020, kwa hiyo jiji lina utawala wake na wilaya ina wake. Kinachoangaliwa ni mahali pa kazi, si mahali unapolala. Anayelala Walukuba na kuvuka Nile kila siku kwenda kiwandani Njeru anafanya kazi wilaya ya Buikwe, na akipanga foleni Jinja atarudishwa baada ya kupoteza siku. Mbale vilevile, uliza kwanza kama kiwanda chako kiko upande wa jiji au wa wilaya, ndipo upande bodaboda.

Nenda na barua ya ajira, slipu za mshahara, barua ya kuachishwa kama ipo, na majina ya wenzako walioshuhudia. Asiye na barua ya ajira asikate tamaa: slipu, ujumbe wa simu wa mshahara kuingia, hata kitambulisho cha getini vinasaidia kuonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa.

Sasa wakili. Uganda haina mgawanyo wa Uingereza wa wakili wa ofisini na wakili wa mahakamani. Huyohuyo anayekuandikia barua ndiye atakayesimama mbele ya jaji, kwa hiyo hulipi watu wawili. Lakini tuseme wakili anataka 1,500,000 kwa kesi nzima, na amesajiliwa VAT. Ongeza asilimia 18, bili inakuwa 1,770,000, nusu ya dai la yule mfanyakazi wetu. Usitegemee kwamba ukishinda mwajiri ataibeba bili hiyo: mara nyingi Mahakama ya Viwanda huamua kila upande ubebe gharama zake. Hili ndilo jambo ambalo wateja huambiwa wakiwa wamechelewa, na linaniudhi, maana linabadilisha hesabu yote.

Kuna pia wakili anayesema, "Usinilipe chochote, tukishinda nachukua theluthi." Kwa mtu asiye na mshahara maneno hayo ni matamu. Sheria ya Mawakili ya Uganda inayabatilisha makubaliano ya kulipwa tu iwapo kesi itashinda. Mkigombana baadaye huna mkataba wa kushika. Taka makubaliano ya maandishi yaliyotiwa saini, yanayotaja ada ni kiasi gani, inaishia hatua ipi (kwa afisa wa kazi, mahakamani, au mpaka rufaa), nauli inahesabiwaje, na VAT imo au haimo. Kila shilingi unayotoa ipate risiti.

Nauli si jambo dogo. Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Mbale iko zaidi ya 220. Mahakama ya Viwanda hufanya vikao mikoani, lakini makao yake yako Kampala. Wakili wa Kampala anayekuja Mbale kila kesi inapotajwa atakulipisha barabara na pengine kitanda. Mkazi wa Mbale mwenye dai la kawaida atafute wakili wa Mbale. Wa Jinja ana nafasi ya kulinganisha bei za miji yote miwili, na ningemshauri aulize angalau ofisi mbili kabla ya kutia saini.

Kuna wakati wakili anastahili kila senti. Meneja wa mshahara wa 4,000,000 aliyetumikia miaka 11 anadai 12,000,000 za notisi, na kwa kipimo kilekile cha mwezi kwa mwaka, 44,000,000 za kiinua mgongo. Hapo bili ya milioni kadhaa inaeleweka. Vivyo hivyo kwa aliyechafuliwa jina kwa tuhuma za wizi: fidia ya jumla kwa madhara hutolewa na mahakama, si afisa wa kazi, na kuijengea hoja kunataka ujuzi. Mwajiri akija na wakili wake mezani, walau lipia ushauri wa saa moja kabla ya kikao. Ni nafuu kuliko kumkodi kwa kesi nzima.

Asiye na uwezo aulize kliniki ya msaada wa sheria ya Chama cha Wanasheria cha Uganda, au FIDA kwa wanawake. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi aende kwa katibu wa tawi. Ameshakatwa ada kila mwezi, na ada hiyo ina kazi yake.

Dai la NSSF nimelitenga makusudi, kwa sababu hapa kumlipa wakili karibu kila mara ni kutupa pesa. Shika slipu yako. Kwa mshahara wa 400,000 kuna mstari unaosema NSSF 20,000, ile asilimia 5 yako. Mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 40,000, na zote 60,000 zifike kwenye mfuko kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Angalia akaunti yako. Ikiwa slipu inaonyesha makato na akaunti haina kitu kwa miaka minne, hizo ni 2,880,000 bila kuhesabu riba, na riba ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5. Peleka slipu kwenye tawi la NSSF la Jinja au Mbale. Mfuko wenyewe ndio wenye mamlaka ya kumdai mwajiri pamoja na faini. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022 hata mwenye duka aliyeajiri mtu mmoja anapaswa kuchangia. Ile hoja ya "sisi ni wachache" imekwisha.

Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali wana mambo yao. Hawamo NSSF, pensheni yao hutoka hazina ya serikali, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Zidisha miezi ya utumishi kwa mshahara wa mwaka, gawanya kwa 500. Mwalimu wa 500,000 kwa mwezi aliyetumikia miezi 360 anapata pensheni ya 4,320,000 kwa mwaka. Theluthi yake huzidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo: 21,600,000. Theluthi mbili zinazobaki ni 240,000 kila mwezi. "Mtu wa kusukuma faili" akitaka asilimia 10 ya mkupuo, anataka 2,160,000, pensheni ya miezi tisa, kwa kazi ambayo ofisi ya utumishi ya wilaya au jiji inalipwa mshahara kuifanya.

Anza kufuatilia kabla ya kufikisha miaka 60. Hakiki tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya kwanza ya ajira dhidi ya kitambulisho cha taifa, kwa maana tofauti ya mwaka mmoja hapo inaweza kusimamisha faili zima. Wakili wa pensheni anahitajika pale wizara inapokataa kwa maandishi kuhesabu miaka fulani ya utumishi, au kumfuta mtu kwenye orodha. Hapo anaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo, naye ana miezi mitatu ya kufungua maombi. Mahakama Kuu ina vituo Jinja na Mbale, kwa hiyo nauli ya Kampala isionekane kwenye bili.