Mfuko wa Hewa Ukishafyatuka
Gari likigongana kwa nguvu, mfuko wa hewa hufyatuka upesi kuliko kupepesa jicho, na hufanya kazi mara moja tu. Fundi hana budi kufunga mpya, kubadili mikanda iliyojikaza na sensa zilizoharibika, na kushughulikia kompyuta yake kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji.

Kwa kuwa gharama ni kubwa, wapo wanaobandika kifuniko kipya kwenye usukani na kuchezea taa ya onyo, huku ndani hamna kitu. Tunazishauri kamati zinazonunua gari lililotumika: washeni swichi, mtazame dashibodi. Taa hiyo iwake sekunde chache, kisha izimike. Isipowaka, au isipozimika, msilipe. Hata ikizimika, fundi mwenye kifaa alipime kwanza. Tusibane fedha tukapoteza roho za watu.