Pima Goti Kabla ya Kununua Kiti



Kikundi kikipata mkopo au mgao wa mwisho wa mwaka, huwa kinanunua cherehani, simu ya kazi, au hata kompyuta ya katibu. Hilo ni jambo jema. Lakini kiti je? Kiti huja mwisho. Chaazimwa nyumbani kwa mwenyekiti, au chachukuliwa kile cha plastiki kilichobaki baada ya harusi. Hivyo utakuta cherehani ya maelfu ya shilingi, na mama anayeiendesha amekalia stuli ya kupikia au ndoo iliyopinduliwa. Baada ya miezi michache anaanza kushika kiuno. Baada ya mwaka haji kazini siku mbili tatu kila mwezi, na kazi za watu zinachelewa.

Wengi husema, "Ni uzee tu," au "Ni kazi ngumu." Mara nyingi ni kiti. Hapa Junda tuna mafundi cherehani, tuna vibanda vya M-Pesa, tuna makatibu na waweka hazina wanaokesha na vitabu vya kikundi, na vijana wa saiba. Hao wote kazi yao ni ya kukaa. Makala haya yataeleza jinsi ya kuchagua kiti cha kazi bila kupoteza pesa za kikundi.

KWA NINI KUKAA VIBAYA KUNAUMIZA

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu kinachofanya kazi kama sponji. Mtu akisimama wima, mgongo wake pale kiunoni umepinda kidogo kuelekea mbele. Ndivyo ulivyoumbwa. Sasa kaa kwenye kigoda kifupi uone. Magoti yanapanda juu kuliko nyonga, kiuno kinasukumwa nyuma, na mgongo wote unakuwa kama upinde. Misuli ya mgongo inashikilia uzito saa nzima bila kupumzika, na visahani vinabanwa upande mmoja.

Mwaka 1999 wataalamu wa Ulm, Ujerumani, walipima msukumo ndani ya kisahani cha mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea. Alipokaa ameinama sana mbele, msukumo ulizidi ule wa kusimama kwa zaidi ya nusu. Lakini alipoegemea nyuma kitini, ulishuka chini ya ule wa kusimama. Alikuwa mtu mmoja tu, lakini alionyesha jambo ambalo kila fundi cherehani analijua mwilini mwake: kukaa si kosa. Kinachochosha ni kuinama, na kubaki umeinama.

Kuna elimu nzima inayoshughulikia mambo haya, nayo yaitwa ergonomia. Jina ni kubwa, lakini maana yake ni nyepesi: kazi na vifaa vimfuate mtu, si mtu kuvifuata vifaa. Wala jambo hili si la maofisi ya Ulaya peke yake. Watu wa pwani yetu walijua zamani kwamba mtu hawezi kukaa vizuri miguu ikining'inia. Kiti cha enzi, kile cha Lamu na miji mingine ya Waswahili, kilikuwa kirefu, kikatengenezewa na mahali pa kuwekea miguu. Hicho kilikuwa kiti cha heshima, si cha kazi, lakini fundi wake alifikiria miguu ya mkaaji.

PIMA MWILI KWANZA

Usiende dukani wala kwa seremala kabla hujapima. Kikundi chenye fundi cherehani tayari kina futi. Mpimaneni wawili wawili, na kila mmoja aandike vipimo vyake.

1. Kimo cha kiti. Mtu akae juu ya meza au benchi, mapaja yawe sawa, miguu ya chini iwe wima, naye awe amevaa viatu au champali anazofanyia kazi. Pima kutoka chini ya kisigino hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti chake. Viti vingi vya dukani vina kimo cha sentimita 45 hivi. Kwa mama mfupi ambaye kipimo chake ni sentimita 39, kiti hicho kitambana mapaja kwa chini na miguu itakufa ganzi.

2. Kina cha kiti. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa upana wa vidole vinne. Mtu akikaa hadi mwisho wa kiti, vidole vitatu au vinne vipite kati ya ukingo wa kiti na goti. Kiti kirefu mno kwenda mbele humfanya mtu akae ukingoni, na egemeo halimsaidii chochote.

3. Egemeo. Liguse mgongo pale kiunoni panapoingia ndani, yaani sentimita 15 hadi 25 kutoka kikalio. Lilale nyuma kidogo tu. Egemeo lililosimama wima kama ukuta humsukuma mtu mbele, na lililolala sana halifai kwa kazi ya mezani.

4. Meza. Ukiwa umekaa, acha mabega yashuke na ukunje viwiko. Meza ya kuandikia iwe sawa na kiwiko. Ikiwa juu zaidi, mabega yatapanda na shingo itauma. Hapo wengi hulaumu kiti, kumbe kosa ni la meza.

5. Ukingo wa mbele. Uwe umeviringwa, usiwe mkali. Ukingo mkali hukata mapaja.

VITI TULIVYO NAVYO, NA UBORA WAKE

Kiti cha plastiki. Ni cha rahisi na kinabebeka, lakini kikalio chake kimelala nyuma. Ukiandika juu ya meza, ni lazima uliache egemeo na uiname. Kama ndicho mlicho nacho, viringisha leso iwe kama mto mwembamba, uiweke kiunoni. Hiyo haigharimu hata shilingi. Kiti kikishaonyesha ufa kwenye mguu, kiondoeni. Kimeangusha watu wengi.

Stuli na kigoda. Vyafaa kwa kazi ya muda mfupi. Mbuzi ya kukunia nazi ni ya robo saa, si ya kutwa. Akina mama wanaotengeneza makuti wakiwa wamekaa chini wangefaa kubadilisha mkao mara kwa mara: mara kwenye mkeka, mara kwenye benchi, na mara kwa mara wasimame.

Kiti cha seremala. Kwa kikundi chenye pesa kidogo, mara nyingi hiki ndicho bora, kwa kuwa kinatengenezwa kwa kipimo chenu. Mafundi wa juakali hawakosekani Mishomoroni wala Kongowea. Mpe fundi karatasi yenye vipimo, usimwambie tu, "Nitengenezee kiti kizuri." Mbao za mwembe ni za bei nafuu lakini wadudu wanazipenda. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, hausumbuliwi sana na wadudu. Kikalio kiwe na sponji ngumu. Ibonye kwa ngumi: ikiwa unaugusa ubao, haifai. Kifunike kwa kitambaa cha pamba au ukili, si plastiki, maana kwa joto letu mtu ataloa jasho.

Kiti cha ofisi kilichotumika. Vinauzwa mnadani na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Hiki kina faida kubwa: kinapanda na kushuka, kwa hiyo kinafaa watu wa vimo tofauti. Lakini kiangalie kabla ya kutoa pesa. Kikalie dakika 10 nzima, usione haya. Kikishuka chenyewe polepole, bomba la gesi limekufa. Usimruhusu mtu yeyote alifungue au kulikata bomba hilo, maana lina msukumo mkali ndani na laweza kuumiza vibaya. Hesabu miguu ya chini: iwe 5, kwa kuwa yenye 4 hupinduka kwa urahisi. Geuza kiti uangalie kutu, kwani chumvi ya bahari hula chuma.

Kiti kipya cha bei kubwa. Bei haikai mgongoni mwako. Kiti cha maelfu mengi kisichoshuka hadi kwenye kimo chako ni kibaya kwako kuliko cha seremala kilichopimwa.

FUNDI CHEREHANI ANA MAHITAJI YAKE

Anayekanyaga cherehani ya miguu hawezi kuwekewa kibao cha miguu, kwa sababu miguu iko kazini. Pia hawezi kuegemea nyuma sana, kwani macho yanafuata sindano. Kiti chake kiwe juu kidogo kuliko cha kuandikia, kikalio kiteremke mbele kidogo tu, na nyayo zote mbili zikae sawa juu ya kanyagio. Viwiko viwe sawa na kitanda cha mashine. Mwanga utoke ubavuni, ili asiiname kutafuta uzi.

Wakiwa mafundi wanne wa vimo tofauti wanapokezana mashine moja, tengenezeni viti viwili, kirefu na kifupi. Ni rahisi kuliko kununua kimoja cha kupandisha na kushusha.

Je, kiti kweli chaleta tofauti? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao na mafundi cherehani 277 wa Los Angeles waliokuwa na maumivu ya shingo na mabega. Wengine walipewa vifaa vidogovidogo tu, wengine waliongezewa kiti kipya. Kwa miezi minne, waliopewa viti walipata nafuu kuliko wenzao, hasa wale ambao kikalio chao kilikuwa kimepindwa vizuri. Si kwamba kiti ni dawa ya kila mgongo, la. Lakini kwa kazi hasa ya cherehani, kiti kilisaidia.

HESABU YA KIKUNDI

Tuseme fundi anapata shilingi 400 kwa siku, na mgongo unamlaza siku 2 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 800. Kwa mwaka ni shilingi 9,600, kabla hujahesabu dawa za kutuliza maumivu na wateja waliokimbia. Sasa weka bei ya kiti cha seremala kando ya hesabu hiyo. Wazee walisema rahisi ni ghali, na stuli ya bure yaweza kuwa kiti ghali kuliko vyote.

Kumbukeni pia sheria. Kikundi kikiajiri mtu, kimekuwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Kwa hiyo kijana mnayemlipa kwenye kibanda cha M-Pesa hakuombeni hisani anapodai kiti. Ni haki yake.

HAKUNA KITI CHA KUKAA KUTWA

Hata kiti bora hakifai kukaliwa asubuhi hadi jioni. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilisema watu wapunguze muda wa kukaa na badala yake wajongee, hata kidogo. Kila baada ya nusu saa simama, nyoosha mikono juu, tembea hadi mlangoni, kunywa maji. Wekeni mtungi wa maji mbali na mashine, ili anayetaka kunywa asimame.

Na ile mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani? WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, haikuipendekeza. Afadhali pesa hizo ziende kwenye kiti na mazoezi.

USINGOJE KITI, NENDA HOSPITALI

Maumivu mengine hayatokani na kiti. Nenda zahanati au hospitali upesi ukiona haya:
– miguu imelegea au ina ganzi inayozidi;
– ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo kimekushinda kuzuia;
– maumivu yanaambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo;
– maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Mkutano ujao wa kikundi, mwekeni futi mezani na mjibu maswali haya pamoja:

1. Nani kati yetu anakaa zaidi ya saa 4 kwa siku kazini, na anakalia nini?
2. Kipimo cha goti cha kila mmoja ni kipi, na kiti anachotumia kina kimo gani?
3. Mwaka uliopita tulipoteza siku ngapi za kazi kwa sababu ya mgongo, shingo au miguu?
4. Ni jambo gani tunaloweza kurekebisha wiki hii bila pesa: leso kiunoni, kibao cha miguu, kukata miguu ya kiti, kusogeza meza kwenye mwanga?
5. Tukitenga pesa za viti viwili tu, nani apewe kwanza?

Swali la tano ndilo gumu. Msimpe mwenyekiti kwa sababu ya cheo chake. Mpeni yule ambaye mgongo wake ndio unaolisha kikundi.